Meli ya usiku kwenda Bukoba: chakula, vinywaji na burudani vipangwe kabla hujapanda

Kila likizo ya shule inapokaribia, na zaidi Desemba, simu za kipindi chetu huleta swali moja kwa namna mbalimbali: "Tunaenda Bukoba kwa meli, hivi ndani kuna chakula?" Wengine huuliza kama kuna baa, na wengine kama kuna runinga ya kuangalia mpira. Jibu fupi ni ndiyo: meli kubwa za abiria za Ziwa Victoria huwa na kantini na mahali pa kununulia vinywaji. Lakini ukiishia hapo unaweza kulala njaa, ukamaliza nauli ya kurudi kabla hujafika, au ukajikuta huwezi hata kufunga jaketi la kuokolea maisha usiku wa manane.

Kwanza, je, meli inakufaa? Ukiwa Kahama, Ushirombo, Katoro au Chato, basi la kupita Biharamulo na Muleba linakufikisha Bukoba bila kuzunguka. Meli ina maana zaidi kwa aliye Shinyanga mjini, Kishapu au Geita mjini upande wa Mwanza, mwenye mizigo mingi, watoto, au mgongo usiotaka kukaa kwenye kiti cha basi siku nzima. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa Geita hangoji tena kivuko kufika Mwanza. Njia ya Geita na ya Shinyanga zinakutana Usagara, mabasi yanashusha Nyegezi, na kutoka hapo bado una daladala hadi mjini, Bandari ya Mwanza Kaskazini. Hesabu muda huo, maana mipango mingi ya chakula huvurugikia hapo: watu hufika bandarini wakikimbia, njaa tangu asubuhi, na kitu cha kwanza wanachokitafuta melini ni sahani ya chipsi.

Uliza pia ni meli gani inaondoka siku yako. MV Victoria, ambayo ipo ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020, na hubeba abiria 1,200. MV Mwanza, iliyojengwa Bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023, ina urefu wa mita 92.6 na imeundwa kwa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Unapokata tiketi, usiulize bei tu. Uliza daraja lako linakaa wapi, kama chakula kimo kwenye nauli, kantini inafungwa saa ngapi na malipo yanapokelewaje. Maswali hayo manne hayachukui hata dakika tatu dirishani.

Kwenye basi ukisahau maji utayanunua Tinde au Isaka, na mama wa mayai ya kuchemsha atakufuata hadi dirishani. Meli ikishang'oa nanga Mwanza, kituo kinachofuata ni Kemondo, na huko unafika alfajiri. Hapo katikati muuzaji ni mmoja, na bei ni yake. Sisemi kantini ni mbaya, ila abiria 1,200 wakiamua kula saa tatu usiku, foleni utaiona mwenyewe, na wa mwisho hula kilichobaki.

Kwa hiyo kula mlo kamili kabla ya kupanda, saa mbili hivi kabla ya kuondoka, usiwe wa mafuta mengi. Halafu beba chakula cha usiku na cha asubuhi. Sisi Wasukuma hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Michembe na matobolwa vilibuniwa kwa ajili ya kukaa muda mrefu bila kuharibika, na matobolwa yako tayari kuliwa, hayahitaji moto wala sahani. Ongeza karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, chapati kavu na ndizi mbivu. Wali wenye mchuzi au samaki wa nazi uliopikwa mchana na kufungwa ungali wa moto ni hatari: ukikaa saa nane kwenye joto la begi unaweza kuharibika, na kuharisha ukiwa kwenye foleni ya choo cha meli si jambo la kumwombea hata adui. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, hivyo tumia kikapu au chombo chenye mfuniko.

Maji ya kunywa beba ya kutosha, lita moja na nusu kwa mtu mzima angalau. Ya ziwani usiyanywe hata kama wavuvi wanayanywa mbele yako. Mwenye mtoto mdogo abebe chupa ya chai yenye maji ya moto yaliyochemka. Mwenye kisukari anayetumia dawa asitegemee kabisa foleni ya kantini: chakula chake kikae mkononi, si kwenye begi lililowekwa chini ya mizigo ya watu.

Ziwa si lami. Mawimbi yakianza, aliyekula chipsi na nyama choma akashushia bia mbili ndiye wa kwanza kushika tumbo. Kama unajijua huwa unatapika kwenye gari, pita duka la dawa kabla ya safari, mweleze mfamasia umri wako, kama una ujauzito na dawa nyingine unazotumia. Dawa nyingi za kichefuchefu cha safari humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika, na nyingi huleta usingizi. Ukizichanganya na pombe, usingizi huo unakuwa mzito kupita kiasi. Ndani ya meli, katikati na chini hutikisika kidogo kuliko mbele na juu. Asiyejisikia vizuri atoke apate hewa na atazame mbali, asitazame simu.

Bia, Konyagi na fedha za duara

Hapa nitakaa kidogo. Kuna kijana ametoka Nyarugusu au Mwakitolyo, amepata kitu kwenye duara, anaenda kwao Kagera kujionyesha. Meli kwake ni ukumbi. Ananunua, anawanunulia wa jirani, na asubuhi Bukoba anaomba nauli ya bodaboda. Huyu hakuibiwa. Hakuamua kiasi mapema, basi.

Wenzetu wa meli za starehe za Marekani na Ulaya wamelifanya jambo hili kuwa biashara. Ile kubwa iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365, karibu mara nne ya MV Mwanza. Kwenye meli za namna hiyo, milo ya ukumbi mkuu kwa kawaida imo kwenye nauli, lakini pombe na migahawa maalumu hulipiwa pembeni. Abiria hupanga miezi mingi kabla, kwa intaneti: usiku gani atakula wapi, ataangalia onyesho gani, na kama anunue kifurushi cha vinywaji, kama sisi tunavyonunua bando la simu. Anakaa chini anapiga hesabu: je, kweli nitakunywa vya kutosha hadi kifurushi kilipe? Mara nyingi kampuni hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, ili mmoja asinunue na wote wakanywa. Na hata kwenye hicho kifurushi kuna kikomo. Kampuni ya Carnival, kwa mfano, humwekea mwenye kifurushi vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24.

Kumi na tano ni vingi mno, kwa maoni yangu, lakini wazo la kikomo ni zuri, na sisi hatuhitaji kampuni ituwekee. Toa fedha ya vinywaji kabla ya kupanda, iweke mfuko wa shati, iliyobaki mpe mwenzako au iache kwenye simu. Zikiisha za mfuko wa shati, umemaliza.

Kuna sababu nzito kuliko fedha. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Pombe haikuizamisha. Ilikuwa imejaza kupita uwezo wake na uthabiti wake majini ulikuwa na kasoro. Lakini ilipinduka asubuhi, wakati ambao abiria wengi wa usiku bado wamelala. Meli za leo ni kubwa na bora zaidi, na abiria huandikwa majina. Hata hivyo tangazo la dharura likitolewa saa tisa usiku, unatakiwa uamke, ulijue jaketi lako liko wapi, ulivae, umvalishe na mtoto. Aliyelewa hawezi. Ukishapata nafasi yako, kabla hata ya kufungua kikapu, ulizia majaketi yalipo na njia ya kutokea. Na mzazi aliye na watoto asinywe kabisa usiku huo, au wazazi wapeane zamu.

Jingine ni kinywaji cha kupewa. Mnayajua ya kwenye mabasi: mtu mchangamfu, soda iliyokwisha kufunguliwa, halafu unaamka huna simu wala viatu. Kinywaji chako kifunguliwe mbele ya macho yako, na ukienda chooni ukikiacha, kihesabu kimemwagika.

Burudani

Safari ni usiku mmoja, na nusu yake utalala, kwa hiyo usisumbuke sana. Tatizo ni simu. Mbali na nchi kavu mtandao hupungua, na mahali pengine hukatika. Mpira uliotegemea kuutazama kwa bando utakwama dakika ya 30, na redio yetu nayo, nasikitika kusema, itaanza kukoroma. Pakua muziki au filamu ukiwa bado mjini, chaji simu ijae, beba pawabenki na visikilizio vya masikioni, maana aliyelala pembeni yako hakulipa nauli kusikiliza kwaya yako. Bao, drafti na karata za kirafiki ni raha tupu. Karata tatu za kuwekeana fedha na watu usiowajua, ziache.

Mtandao unagusa na malipo. Mwenye fedha zote kwenye simu anaweza kusimama mbele ya kantini akiangalia duara la kusubiri linazunguka huku chai inapoa. Toa taslimu kidogo kabla ya kupanda, noti za elfu moja na elfu mbili, kwa kuwa chenji ya elfu kumi saa tano usiku ni shida. Beba pia blanketi au kanga mbili. Upepo wa ziwani usiku hauna huruma kwa aliyetoka joto la Kishapu.

Mkiwa kundi, iwe kwaya, harusi au mashabiki wa timu, chagueni watu wawili: mmoja wa chakula, mmoja wa fedha. Kubalianeni kwa sauti kama mchango unalipia pombe au la, ili anayekunywa soda asigharamie kreti ya mwenzake.

Na safari ya kurudi nayo ni usiku, hivyo tenga chakula chake na fedha yake tangu nyumbani. Ukirudi msimu wa senene, funga waliokaangwa kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Watamu, hakuna ubishi, lakini si kila jirani yako kwenye ukumbi wa daraja la tatu ni Mhaya.