Kabla ya kununua mashine, fuata bomba

Wengi hudhani mashine ya kusaga mabaki ya chakula, ile inayofungwa chini ya sinki la jikoni, ina visu kama blenda. Haina. Ndani mna sahani ya chuma inayozungushwa na mota, na juu yake vipande vya chuma vinavyosukuma mabaki pembeni yasuguliwe kwenye pete yenye meno hadi yawe uji. Maji ya bomba huuchukua uji huo. Aliyeibuni ni msanifu majengo John Hammes, mwaka 1927, mjini Racine huko Marekani.

Uji huo utaishia wapi? Hilo ndilo swali ninalomuuliza kila anayenijia na mpango wa kufunga mashine hii, kabla hatujagusa bei. Dar es Salaam nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba kuu la maji taka. Maji ya jikoni huingia kwenye shimo uani. Shimo zuri hufanya kazi kwa utulivu: tope hutuama chini, mafuta huelea juu, maji ya katikati hupita kwenda shimo la kunyonya. Ukiongeza chakula kilichosagwa, tope na mafuta hunenepa, maji hukosa nafasi ya kutulia, na chembe hutoka nayo kwenda kuziba udongo. Gari la maji taka litaondoa tope, lakini udongo ulioziba haliuwezi. Kwa mwenye shimo dogo, ushauri wangu ni mmoja: asifunge. Maganda ya ndizi na mboga yana kazi bora zaidi kwenye mboji au kwa mbuzi wa jirani.

Mwenye bomba kuu apime kwanza tundu la sinki. Mashine nyingi zinahitaji tundu la milimita 90 hivi, na masinki yetu mengi yana dogo zaidi. Kisha apime kimo, maana hapo ndipo wengi huumia baada ya vigae kubandikwa. Sinki likiwa sentimita 90 kutoka sakafuni, na kina chake 20, tundu linabaki kwenye 70. Mdomo wa kutolea wa mashine utashuka hadi karibu 55. Bomba la ukutani likiwa juu ya hapo, maji machafu yatalala ndani ya mashine na kunuka.

Umeme nao una mtego. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma hurekebisha volti tu. Kwenye hezi 50 zetu mota huzunguka polepole na kupata joto. Nunua ya volti 230, yenye soketi yake iliyofungwa waya wa ardhi.

Hata kwenye bomba kuu, machicha ya nazi, nyuzi za miwa na maganda ya mihogo yasiingie. Ugali na wali hugandamana kwenye kona ya bomba. Mafuta ya kukaangia kamwe. Tumia maji baridi, kwa sababu maji ya moto huyeyusha mafuta yakaenda kuganda mbele, usipofika mkono wa fundi.

Unayejenga sasa, hata kama mashine utainunua miaka mitano ijayo, mwambie fundi bomba aache tundu la ukutani kwenye sentimita 40, na fundi umeme aache soketi chini ya sinki kabla ya lipu.