Mkato au Nukta? Uandishi wa Namba katika Kanzidata za Pande Mbili za Ziwa Tanganyika

Kituo cha umeme wa maji cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, katika eneo la Kalemie, kina uwezo wa megawati 17,2. Ndivyo namba hiyo inavyoandikwa nchini Kongo, kwa desturi iliyorithiwa kutoka Ubelgiji: mkato hutenga desimali, nukta au nafasi hutenga maelfu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kigoma, lugha ni Kiswahili vilevile, lakini desturi ni ya Kiingereza: huandikwa 17.2, husomwa "kumi na saba nukta mbili", na mkato hutenga maelfu.

Msomaji hutanzua tofauti hiyo kwa muktadha, kompyuta haiwezi. Katika SQL, lugha ya kanzidata iliyosanifiwa mwaka 1986, alama ya desimali ni nukta, na mkato hutenga thamani moja na nyingine. Anayeingiza 17,2 bila alama za nukuu ameingiza thamani mbili, 17 na 2. Kwa kawaida idadi ya safuwima haitalingana na amri itakataliwa. Kosa hilo ni afadhali, kwani huonekana. Hatari zaidi ni lile lisiloonekana: baadhi ya mifumo, ikipokea 17,2 kama maandishi, huudhani mkato kuwa wa maelfu, huuondoa, na kuhifadhi 172. Uwezo wa kituo umekuzwa mara kumi bila onyo lolote. Kadhalika 1.250 ya Kalemie, yaani elfu moja mia mbili na hamsini, hugeuka kuwa moja na robo.

Dawa yake ni kutofautisha thamani na sura. Thamani ihifadhiwe kama namba. Sura itolewe mwishoni, wakati wa kuonyesha matokeo. Katika PostgreSQL, kwa mfano, kitenzi to_char hupokea kiolezo chenye herufi D kwa desimali na G kwa maelfu, na alama zenyewe hufuata mpangilio wa eneo, lc_numeric. Namba iliyokwisha kupewa sura ni maandishi tu: haifai kujumlishwa, na 9 hupangwa baada ya 17.

Kutaja lugha peke yake hakutoshi. Hazina ya CLDR ya Unicode huitenga sw-TZ, inayoandika 1,234.5, na sw-CD, inayoandika 1.234,5. Kwa majedwali yanayosomwa pande zote mbili, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003 ulikubali mkato na nukta kwa desimali, ukahimiza nafasi tupu kwa maelfu. 1 250 haimpotoshi msomaji wa Bendera wala wa Kigoma.