Pesa za kununua pesa: sarafu kongwe zisile karo ya watoto

Kila nikitaja kwamba hukusanya sarafu za zamani, wanaume huniuliza zina thamani gani. Kina mama huniuliza zimenila pesa ngapi. Swali la kina mama ndilo la maana, na wakusanyaji wengi hulikwepa.

Kiwango changu ni shilingi 1,500 kwa mwezi, na hutoka baada ya kodi ya nyumba, chakula, karo na mchango wa chama. Mwezi nisipoona cha kununua, pesa hizo hungoja. Mwezi mtoto akiugua, kiwango ni sufuri, wala sikifidii mwezi unaofuata. Wewe waweza kuwa na 300 au 10,000. Mradi zikipotea zote leo, nyumbani kwako kusibadilike kitu.

Nasema zikipotea kwa sababu sarafu si akiba, ingawa wenzetu wengi hujidanganya hivyo wakitaka kumtuliza mke. Muuzaji wa vitu vya kale hukuuzia kwa bei moja, ukirudi kumuuzia hukupa bei nyingine kabisa, maana naye ana duka na watoto. Anayenunua leo akitumaini kuuza shule zikifunguliwa huuza kwa haraka, na mwenye haraka hapati bei. Mtu namjua aliyeweka karo ya muhula mzima kwenye sarafu tatu. Mwishowe alikopa kwa shemeji yake, na sarafu bado anazo.

Bahati yetu watu wa pwani ni kwamba kidogo hutufikisha mbali. Ndururu ya senti tano, ile yenye tundu katikati, bado zimo kwenye mikebe ya vifungo ya bibi zetu. Sumuni nayo ina jina lililobeba historia yake: ni thumuni, yaani sehemu ya nane, ya riali. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba ilianza kutolewa mwaka 1921, na hadi 1946 robo ya uzito wake ilikuwa fedha. Kuanzia 1948 fedha ikaondolewa, ikabaki shaba na nikeli. Kwa hiyo akikwambia mtu shilingi ya 1952 ni ya fedha, mrudishie taratibu. Hata ile ya fedha ina chini ya gramu mbili za fedha halisi, basi usilipe kana kwamba wanunua bangili.

Nikiulizwa mtu aanzie wapi, humwambia achague mlango mmoja. Mimi nimechagua Mombasa na Zanzibar kabla ya shilingi. Ipo pesa ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na kampuni ya Kiingereza iliyokodishiwa ukanda wetu na Sultani wa Zanzibar. Ipo pia pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria. Zote mbili zina picha ya mizani, na ndiyo maana wengi huzichanganya. Ukishika hizo mkononi unaelewa kwa nini neno letu la kila aina ya fedha, mpaka za kwenye simu, ni pesa. Anayenunua kila kinachong'aa, leo heli ya Mjerumani, kesho noti ya Zaire, hana kiwango kinachomtosha.

Halafu kuna riali ya Maria Theresa, ambayo wazee wetu walitolea mahari. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na kila riali imeandikwa mwaka huo, hata zilizopigwa London na Bombay katika karne iliyopita. Mwaka ulioandikwa haukuambii umri wake, kwa hiyo usikubali kutozwa bei ya kitu cha miaka mia mbili na zaidi. Riali ya kweli ina uzito wa gramu 28 na nukta chache, na fedha iliyomo ni kama gramu 23.4. Mpelekee sonara aipime kabla hujalipa. Mizani ndogo ya kwako mwenyewe itakuokolea zaidi ya ilichokugharimu, na gharama yake pia itoke ndani ya kile kiwango, pamoja na karatasi na vijisanduku vya kuhifadhia, maana hewa yetu ya chumvi hula shaba. Wala usiisugue kwa ndimu na majivu kama sufuria. Inang'aa kweli, lakini mnunuzi anayejua ataiacha.

Kwa Muislamu, hesabu haiishii dukani. Nisabu ya fedha ni kama gramu 595, kwa hiyo riali 26 zinatosha peke yake kufikia kiwango cha zaka zikipitiwa na mwaka, na humo hujahesabu pesa ulizo nazo benki. Asilimia mbili na nusu kila mwaka ni sehemu ya gharama ya hobi hii. Na wanachuoni wengi wanasema fedha na dhahabu zikinunuliwa kwa pesa, malipo yawe mkono kwa mkono. Basi "chukua, utanilipa mwisho wa mwezi" usiikubali kabla hujamuuliza shehe wako.

Serikali nayo ina neno. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale. Kukifanyia biashara kunahitaji leseni, na kukipeleka nje kunahitaji kibali. Pesa yetu ya 1888 inaingia humo. Na ukiokota sarafu kwenye magofu, iripoti makavazi, usitie mfukoni.

Ama ile jumbe inayozunguka kwenye simu kwamba sarafu ya shilingi 40 inanunuliwa kwa malaki, ifute. Ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na zimejaa kwenye madroo ya watu. Anayekuahidi malaki atakuomba kwanza ada ya usajili, na hiyo ada ndiyo biashara yake.

Jambo moja lisilogharimu kitu ni daftari. Kila sarafu niinunuayo naandika tarehe, uzito, niliipata wapi na nililipa ngapi, bei ya kweli. Mwenye sarafu akifariki, wa kwanza kubisha hodi baada ya matanga huwa ni mnunuzi, na mjane asiyejua kitu hukubali chochote. Daftari langu liko droo moja na sarafu, na mke wangu anajua ufunguo ulipo.