Mapishi Yasipotee Pamoja na Simu

Hapa kwetu Iringa na Mbeya chakula kipo. Tunalima mahindi, tunavuna maharage, na kule Rungwe ndizi na maziwa ni vitu vya kila siku. Hata hivyo, utafiti wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Basi kulima peke yake hakutoshi. Lazima tujue pia kuchanganya vyakula.

Siku hizi wengi wetu tunaandika mapishi katika simu janja. Ni jambo zuri. Lakini simu ikitumbukia mtoni, au ikiibiwa stendi, mapishi nayo yamekwenda. Tufanyeje?

Zipo programu za kutunza maandishi, kama vile Google Keep. Programu hii haiweki maandishi ndani ya simu tu. Kwa njia ya intaneti, inapeleka nakala kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali. Nakala hiyo inatunzwa katika akaunti yako. Akaunti ni kama ghala, na neno la siri ni ufunguo wake. Ukifungua akaunti hiyo hiyo katika simu nyingine au kompyuta, unakuta maandishi yako yote.

Tuchukue mfano. Mama yuko Tukuyu. Binti yake ameolewa Mafinga, na mtoto wake ametimiza miezi 6. Mama anaandika jinsi ya kupika uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa na maziwa. Kisha anamshirikisha binti maandishi hayo. Binti anayasoma katika simu yake, anapika. Mama akiongeza jambo, binti naye analiona kwake.

Lakini tuangalie mambo haya 4:

1. Mtandao. Ukiandika mahali pasipo na mtandao, maneno yanabaki kwanza katika simu yako. Mwenzio atayaona mtandao ukirudi.

2. Kufuta. Ukifuta neno "karanga" kwako, linafutika na kwa mwenzio. Basi soma tena kabla ya kufunga.

3. Ufunguo. Wengi wetu tunafunguliwa akaunti na fundi simu. Kumbe neno la siri analo yeye! Mwombe akuonyeshe namna ya kulibadili, uliandike mwenyewe, usimwambie mtu. Tena tunza laini yako, kwani ukiingia kwa simu mpya unaweza kutumiwa namba za kuthibitisha kwenye laini hiyo.

4. Vipimo. Simu haijui kikombe chako. Ukiandika "kikombe kimoja", mwenzio atachota kwa kikombe kipi? Andika "robo lita", au "kijiko cha chai". Ukikosea hapa, kosa litakwenda kwenye simu zote.

Mwisho, tusitupe daftari. Chaji huisha, na bando huisha. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nakili mapishi yako muhimu kwa kalamu pia, uyaweke jikoni mahali pakavu. Tulijifunza kusoma na kuandika ili kisomo kitufae nyumbani. Basi na kianze kutufaa katika bakuli la mtoto.