Tope la Milala Lina Bei, na Lina Kalenda

Maji yakipungua kiangazi, neno jepesi kulitoa ni hili: leteni kijiko, bwawa lichimbwe. Mkazi wa Kashaulili, katikati ya Manispaa ya Mpanda, ana haki ya kulisema, maana bwawa la Milala limekuwa miongoni mwa vyanzo vya maji vya mji wake. Ila kabla ya kuuliza kijiko kinakodishwa shilingi ngapi kwa siku, kuna swali linalotangulia: tope linalotakiwa kuondolewa ni kiasi gani?

Kulipima si kazi ya miujiza. Watu wawili hupanda mtumbwi wakiwa na kifaa cha kusoma mahali walipo na fimbo ndefu yenye alama za mita. Fimbo ikigusa tope laini, wanaandika kina cha kwanza. Wakiisukuma hadi igote udongo mgumu, wanaandika cha pili. Tofauti ya vina hivyo ndiyo unene wa tope mahali hapo. Wakirudia kwenye mistari inayokata bwawa zima, wanapata ramani. (Mkoa wa Katavi ni mkoa wa viboko, kwa hiyo muulizeni kwanza askari wa wanyamapori.)

Tuchukue mfano wa kufikirika. Eneo la hekta 5 lenye tope la sentimita 80 ni mita za ujazo 40,000. Tipa ya mita za ujazo 10 itakwenda safari 4,000. Tipa nne, kila moja safari kumi kwa siku, zitamaliza kazi kwa siku 100, mradi hakuna inayoharibika wala kukwama. Hapo ndipo fedha zinapoishia: kwenye dizeli ya kubeba na kwenye mahali pa kumwaga. Kuchimba kwenyewe ndiyo sehemu ndogo.

Sasa tazameni kalenda. Mvua za Mpanda huanza takribani Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Mradi ukisubiri bajeti ipite ndipo utangaze zabuni, mkandarasi atafika eneo la kazi mawingu yakiwa yamekwisha kukusanyika. Ningeshauri miaka miwili: mwaka wa kwanza kupima, kusanifu, kupata vibali na kumpata mkandarasi, mwaka wa pili kuchimba kuanzia maji yatakaposhuka. Mwaka wa kwanza hugharimu kidogo, lakini kwa kuwa hauonyeshi shimo wala mtambo, ndio unaorukwa.

Vibali havikwepeki. Bodi ya maji ya bonde husika na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lazima wahusishwe mapema, na mhandisi aseme kijiko kisogee umbali gani kutoka kwenye tuta. Ukichimba karibu na mguu wa tuta unalidhoofisha. Ukitoboa tabaka la mfinyanzi lililo chini, bwawa litaanza kuvuja.

Kisha tope lipelekwe maabara. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Kwenye mkoa kama huu tope linaweza kuwa na metali hizo za sumu, hivyo kugawia wakulima tope wakarutubishie bustani kabla ya kulipima ni hatari.

Nani alipe? Mimi nagawa mara mbili. Uchimbaji mkubwa ni mzigo wa Serikali, kupitia bajeti ya Wizara ya Maji na Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao hupata fedha kutokana na tozo ya petroli na dizeli. Michango ya mitaani haiwezi kubeba safari 4,000. Matunzo ya kila mwaka ndiyo yanayoweza kubebwa na mamlaka ya maji na halmashauri, kwa kiasi kidogo kinachotengwa kwenye makusanyo.

Matunzo hayo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1972 ilitoka ripoti ya watafiti waliopima mabwawa manne karibu na Dodoma, likiwemo Ikowa lililojengwa 1957. Mashapo yalikuwa yakiyajaza baadhi yake kwa kasi ya kuyapa uhai wa miongo michache tu, na yalitoka kwenye mashamba na malisho ya juu. Milala nayo itajaa tena kama mteremko utaendelea kulimwa hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Vigingi vya mpaka huo na majani ya kushika udongo ni rahisi mno kuliko tipa. Pale korongo linapoingia bwawani, lichimbwe kidimbwi cha kunasa mashapo, ambacho vijana wa mtaa wanaweza kulipwa kukisafisha kila Septemba. Fungu la kuchimba kidimbwi na kuweka vigingi hivyo liingizwe kwenye mkataba uleule wa uchimbaji, kabla kijiko hakijashuka kwenye lori.