Pakiti ya Vipande Vinane

Pakiti ya kawaida ya pedi dukani huwa na vipande 8 au 10. Hedhi ya wanawake wengi huchukua siku 4 mpaka 5, na wahudumu wa afya hushauri pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, usiku ukisamehewa kidogo. Kwa hesabu hiyo mtu anahitaji vipande 15 hivi kwa mwezi, na mwenye damu nyingi huvuka 20. Pakiti moja inaishia njiani.

Ipeleke hesabu hiyo Runzewe, mji wa wilaya ya Bukombe ulioko kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Lusahunga, ile ya malori ya Rwanda na Burundi. Bukombe ilikuwa sehemu ya Shinyanga mpaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Geita. Ukanda wote huu ni wa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu. Wanawake wapo kila hatua isipokuwa chini ya duara, ambako mara nyingi hawaruhusiwi: wanaponda mawe, wanaosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, wanawapikia wanaapolo, yaani wachimbaji. Kipato chao hutegemea mawe ya siku hiyo yana nini. Pakiti ya kwanza itanunuliwa. Ya pili itashindana na unga, na unga hushinda. Basi pedi iliyotengenezwa kwa saa 6 inavaliwa kutwa nzima, na aliyekaa anaponda mawe tangu asubuhi, mahali pasipo choo chenye mlango wala maji ya kunawa, hataibadilisha hata kama anayo nyingine mkobani.

Nimeanza na hesabu kwa sababu hofu zinazozunguka mitaani huanzia kwingine: pedi zina sumu, pedi zinaleta saratani, kikombe cha hedhi kinapotelea tumboni. Hofu hizo zinastahili majibu, na baadhi zina ukweli ndani yake. Lakini kila nilipofuata utafiti nimejikuta nikirudi kwenye maswali yale yale matatu: imekaa saa ngapi, imeoshwa kwa maji gani, imeanikwa wapi.

Saratani kwanza, maana jibu lake ni fupi. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi Tanzania, husababishwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Pedi haihusiki. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 wanaipata walio na miaka 9 hadi 14, dozi moja tu.

Mwasho ni habari nyingine. Pedi ya dukani ina uso laini, mara nyingi wa plastiki, kisha nyuzi za mbao zilizochanganywa na chembe za polima zinazogeuza majimaji kuwa jeli, na chini kabisa plastiki isiyopitisha kitu. Ile jeli hufanya uso ubaki mkavu. Ni ubunifu mzuri wenye kasoro moja: mvaaji hasikii unyevu, hivyo hana cha kumkumbusha muda. Joto na jasho hubaki ndani, ngozi hulainika, na mwendo wa miguu humalizia kazi kwa kuichubua. Mwaka 2019 wanawake wa Kenya walilalamika kwa wingi mtandaoni kwamba pedi za Always zinawawasha na kuwachubua, wakashuku kuwa zinazoletwa Afrika ni duni. Kampuni ilikana. Mimi nadhani hata pedi bora ingechubua ikivaliwa saa 12 kwenye jua la Kanda ya Ziwa, na yenye manukato huongeza tatizo, kwa kuwa manukato ni kichocheo kinachojulikana cha mwasho. Penye chaguo, chukua isiyonukia.

Na watengenezaji walijuaje pedi inabeba kiasi gani? Kwa maji, au maji ya chumvi. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha afya na sayansi cha Oregon, Marekani, wakiongozwa na daktari wa damu Bethany Samuelson Bannow, walipima bidhaa 21 kwa damu halisi ya binadamu, na ndio uliokuwa utafiti wa kwanza wa aina hiyo kuchapishwa. Binadamu alikuwa ameshatembea mwezini miaka zaidi ya 50 kabla mtu hajamimina damu kwenye pedi na kuandika matokeo. Waligundua kuwa maandishi ya pakiti na uwezo wa kweli mara nyingi havilingani. Jambo hili si la maabara tu. Daktari anapomuuliza mgonjwa anabadilisha pedi ngapi kwa siku, anajaribu kukisia kama damu inapotea kupita kiasi, na kwa kawaida zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja huhesabiwa kuwa nyingi. Kwa anayebana matumizi ya pakiti yake, swali hilo hutoa jibu la uongo: anaweza kuwa anapungukiwa damu huku akitaja pedi mbili tu.

Tamponi, zinazoingizwa ukeni zifyonze damu, ni wachache wanaozitumia Runzewe, lakini historia yake ndiyo iliyoufundisha ulimwengu somo la saa. Mwaka 1978 daktari James Todd alieleza ugonjwa aliouona kwa watoto huko Marekani: homa kali ya ghafla, upele mwekundu, kutapika, presha kushuka. Miaka miwili baadaye ugonjwa ule ukawakumba wanawake waliokuwa kwenye hedhi, na baadhi walifariki. Wengi walikuwa wametumia tamponi zenye uwezo mkubwa sana wa kufyonza, hasa Rely ya kampuni ya Procter & Gamble, iliyoondolewa sokoni Septemba 1980. Chanzo ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wanaye puani au kwenye ngozi bila kudhurika. Baadhi ya aina zake hutoa sumu zikipata mazingira mazuri: damu, joto, hewa iliyoingia na tamponi, na muda mrefu bila kuguswa. Bidhaa ilisifiwa kwa kukaa kutwa, na kule kukaa kutwa ndiko kulikoifanya iue. Ndiyo maana leo tamponi haipaswi kuzidi saa 8.

Mwaka 2024 hofu ya tamponi ilirudi kwa njia nyingine. Jenni Shearston na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima tamponi 30 za chapa 14 wakakuta madini ya metali, risasi ikiwemo katika kila moja. Arseniki ilikuwa juu zaidi kwenye tamponi zinazouzwa kwa jina la pamba asilia, kwa hiyo anayelipa zaidi akidhani ananunua usafi huenda haununui. Pamba hunyonya vilivyomo udongoni na majini, mengine huongezwa kiwandani. Utafiti ule haukupima kama metali hizo hupenya kuingia mwilini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipitia tafiti zilizokuwepo na mwishoni mwa 2024 ikasema haikuona sababu ya kuwakataza wanawake.

Kwa msomaji wa ukanda wa dhahabu, metali ya kuogopa iko karibu zaidi. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu huunguzwa, mara nyingine kwenye uwanja wa nyumba au jikoni, na mvuke wake huingia mapafuni na kutua juu ya vyombo, nguo na chakula. Anayetumia kitambaa asikianike karibu na mahali hapo, asikifue kwa maji ya mwalo, wala asikishike kwa mikono iliyotoka kukamua mchanganyiko wa zebaki na dhahabu. Mjamzito akae mbali kabisa, kwani zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kuudhuru ubongo wa mtoto.

Kitambaa chenyewe hakina ubaya wowote. Shangazi na bibi zetu walitumia kanga kuukuu wakazeeka salama, na vya kisasa vilivyoshonwa vizuri, kama Elea za Jennifer Shigoli wa Dar es Salaam au AFRIpads zilizoanzia Masaka, Uganda, huvaliwa na kufuliwa kwa muda mrefu. Ila hapa maji ndiyo mwamuzi. Uke una ulinzi wake: bakteria wema huuweka kwenye hali ya asidi, pH kati ya 3.8 na 4.5, ambayo wadudu wengi hawaipendi. Damu ina pH ya 7.4 hivi, kwa hiyo kila hedhi hulegeza ulinzi huo kwa siku chache. Mwenye kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu huubomoa zaidi. Kitambaa kibichi kikiingia wakati huo, mlango uko wazi.

Utafiti uliochapishwa 2015 kutoka jimbo la Odisha, India, ulikuta wanaotumia vitambaa vya kurudia walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 2 wa kupata dalili au maambukizi ya njia ya uzazi na mkojo kuliko watumiao pedi za kutupa. Wengi wangeishia hapo na kutangaza kitambaa ni hatari. Wa pili, 2018, katika jimbo hilohilo, ulichimba zaidi ukakuta kwamba, kati ya watumiao vitambaa, fangasi waliwaandama hasa waliovianika ndani ya nyumba au kuvihifadhi chooni. Walivificha kwa aibu, na giza lenye unyevu likafanya kazi yake. Nani Runzewe hajui uvungu wa kitanda ulivyo kabati la vitambaa vya hedhi? Loweka kwanza kwa maji baridi, maana ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Fua kwa sabuni, suuza mpaka povu liishe, kisha jua kali lifanye kazi mpaka kikauke kabisa. Anayeona haya atandike juu yake kanga nyepesi. Masika jua likikosekana, pasi ya mkaa inasaidia sana. Na kama kiangazi maji ni ya kununua kwa ndoo, ukweli usemwe: mwezi huo pedi ya kutupa inaweza kuwa salama kuliko kitambaa kilichofuliwa nusunusu.

Kikombe cha hedhi, kinachowekwa ukeni kikinge damu, kinadai maji machache kuliko kitambaa, na hapa ushahidi ulio bora umetoka kwa majirani. Kilipewa hataza Marekani 1937 kwa jina la mwigizaji Leona Chalmers, kisha kikasahaulika miongo mingi. Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, watafiti wakiongozwa na Penelope Phillips-Howard waliwagawia wasichana wa shule za msingi vikombe, wengine pedi, wengine wakaendelea kama kawaida. Katika matokeo yao hapakuwa na kisa cha ugonjwa ule wa tamponi. Baadhi ya vikombe vilikutwa na bakteria wa kinyesi, zaidi kwa waliokuwa wageni wa kikombe kuliko waliokizoea, jambo linaloelekeza kidole mikononi, si kwenye kikombe. Utafiti mwingine hukohuko, uliochapishwa 2023 na kufuata wasichana 436 kwa miezi 30, ulikuta waliopewa vikombe walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 24 wa kuwa na ile hali ya bakteria wema kupungua na harufu ya samaki kutokea, hali ambayo huongeza hatari ya kuambukizwa VVU. Kwa mji wa machimbo na malori, hilo si jambo dogo.

Tumboni hakipotei, mlango wa kizazi ni mwembamba mno. Kinaweza kuitanua ngozi ya bikira, na mzazi anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Ngozi hiyo hutofautiana kwa kila msichana na haithibitishi chochote. Mwenye kitanzi amwone mhudumu kwanza, kwa sababu kikombe kikivutwa vibaya huweza kukitoa. Kikombe hukaa mpaka saa 12, zinazomtosha mponda mawe kwa zamu nzima. Kikwazo ni kukichemsha dakika chache kila hedhi inapoisha: sufuria gani, na nani anatazama jikoni? Sufuria ndogo ya kazi hiyo tu, au kopo la maziwa lililosafishwa, humaliza ubishi.

Bei inabaki. Julai 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata waziri wa fedha Philip Mpango akairudisha, akisema bei kwa mlaji haikushuka. Hoja yake ilikuwa ya kweli, na dawa yake ikawa kumrudishia mnunuzi mzigo ambao hata hakuwahi kutuliwa. Kikombe hununuliwa mara moja na hudumu miaka mingi, lakini fedha ya mara moja ndiyo mponda mawe asiyokuwa nayo. Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, vinavyokopesha mtaji wa genge, vingeweza kukopesha na hiki.

Liko jambo moja la ukanda huu ambalo hakuna bidhaa inayolitatua. Minyoo ya kichocho cha mkojo hukua ndani ya konokono wa malambo na madimbwi, kisha hupenya ngozi ya anayechota, kufua au kuoga humo. Mayai yake yakinasa kwenye mlango wa kizazi huleta vidonda vinavyotoa damu kati ya hedhi na hedhi, au baada ya tendo la ndoa. Wanawake wengi wenye hali hii huandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na lawama nyumbani juu yake, wasipone. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha picha ili wahudumu waitambue kwa macho, na dawa ya minyoo hiyo ni prazikwanteli, ileile inayogawiwa watoto shuleni. Aliyekulia lamboni na anayeona damu nje ya siku zake amwambie mhudumu alikuwa akichota maji wapi.