Land Rover: 109 au Tdi?

Pesa za korosho zikianza kuingia, Mtwara hakukosi mtu anayeisaka Land Rover ya zamani, na wauzaji wanalijua hilo. Kwa hiyo amua kabla hujaenda kuitazama: unataka 109 au 110 Tdi?

Zote mbili ni za Muingereza na hazitengenezwi tena. 109 za mwisho, Series III, zilitoka kiwandani kati ya 1971 na 1985. Tdi ninayoizungumzia hapa ni Tdi 300, iliyoanza 1994. Kiwanda cha Solihull kiliufunga ukoo mzima Januari 2016.

Kwa nguvu hakuna ubishi. 109 ya dizeli, lita 2.25, ina nguvu za farasi 62 hivi. Tdi yenye turbo ina 111. Kwenye mchanga wa Msimbati 109 nayo itapita ukipunguza upepo wa matairi. Kwenye lami ya Dar, malori yatakupigia honi hadi Kibiti.

Mafuta ndiyo yanayouma. 109 ya petroli inakwenda kilomita 5 au 6 kwa lita, Tdi kama 10. Hadi Dar ni kilomita 560 hivi: moja inakula lita 100, nyingine 56. Zidisha kwa bei ya EWURA, inayotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ujue safari moja inakugharimu kiasi gani.

Ila Tdi nayo ina mtego wake. 109 inatumia cheni ya taiming. Tdi 300 inatumia mkanda, na ukikatika fito zinazosukuma valvu hupinda. Muuzaji asipokuonyesha risiti ya kuubadilisha, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo ikate kwenye bei papo hapo.

Sasa chumvi ya bahari. Bodi ni ya alumini, inang'aa miaka nenda rudi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Chesisi ni chuma. Gari lililoishi Msimbati au Msanga Mkuu, lala chini yake na nyundo ndogo, gonga boriti ya nyuma na mikono inayoshika bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito na unga wa kahawia unakumwagikia usoni. Ukikuta chesisi imepakwa lami mbichi, ondoka. Kuchomelea chesisi kunaweza kumeza pesa kuliko injini.

Linganisha namba za injini na chesisi na kadi. 109 nyingi zimewekewa injini ya Kijapani: kwa kazi ni nafuu, spea zipo mjini, lakini kama kadi haijabadilishwa mzigo wa TRA ni wako, pamoja na ada ya kuhamisha umiliki. Na gari kama hilo si adimu tena machoni pa wakusanyaji.

Usinunue Tdi kwa ndoto ya kuiuza Marekani. Ni kweli sheria yao huruhusu magari yaliyotimiza miaka 25, lakini wanataka gari safi, lenye vifaa vyake vya asili, na nauli ya meli juu yako.

Mwenye gari jingine la kazi, 109 yenye injini yake ya asili ndiyo ya kuweka. Kama pesa ni ya gari moja tu, chukua Tdi yenye chesisi nzima hata kama rangi imepauka, na robo ya bajeti ibaki mfukoni kwa ajili ya spea za kuagiza Dar.